Uzi: Nilikuwa saisi Nairobi, nikaenda kuchunga farasi na mbuzi milimani Lesotho. Ulizeni

Saisi_wa_Zamani aliandika:

Wadau, habarini. Jana kwenye ule uzi wa mbuzi wa maziwa kuna mtu alisema kuchunga ni kazi ya asiye na kazi. Nikamjibu kwa hasira, nikafuta, nikaona heri niandike yangu hapa nikiwa nimetulia.

Mimi ni mzaliwa wa Kawangware. Kwa miaka tisa nilikuwa saisi kwenye mazizi ya farasi upande wa Karen. Kwa asiyejua, saisi ndiye mtunza farasi: kumlisha, kumpiga brashi, kumchokoa uchafu kwatoni, kumtandika na kumvua matandiko, kumtembeza akipoa. Ukienda kutazama mashindano pale Ngong Road unamwona farasi na mpandaji wake. Humwoni yule aliyeamka saa kumi alfajiri. (Mashindano yenyewe yalihamia pale 1954. Kabla ya hapo yalikuwa Kariokor, hii hii ya nyama choma na viondo.)

Kazi ya Lesotho niliipata kwa mgeni aliyekuja kupanda farasi wetu akaona navyowashika. Alikuwa na jamaa kule wanaopeleka watalii milimani kwa farasi, wakitafuta mtu wa mkataba wa miezi 18. Nikauza kochi na televisheni, nikaenda.

Lesotho ni nchi iliyomezwa na Afrika Kusini pande zote. Pahali pake pa chini kabisa ni kama mita 1,400 juu ya bahari, na mimi sikupelekwa chini. Kutoka Maseru ni kilomita kama 120 hadi Semonkong, maana yake mahali pa moshi, kwa sababu maporomoko ya Maletsunyane yanaanguka mita 192 na mvuke wake unaonekana kwa mbali kama jiko la mtu. Hapo ndipo nilipoagana na magari. Kijiji chenyewe kilikuwa mbele, karibu siku nzima kwa farasi, na jina lake naliweka kando kwa heshima ya wenyewe.

Nilikwenda na kiburi. Mtu amelala na farasi wa mashindano wenye nasaba ndefu kuliko ya chifu, atatishwa na vifarasi vya kijijini? Nikakuta farasi wa Wasotho: mfupi, kichwa cha kawaida tu, miguu kama misumari. Nilipomuuliza mwenyeji wangu zizi liko wapi akanionyesha mlima.

Hakuna zizi la farasi, wadau! Farasi analala nje, theluji inamwangukia mgongoni na haiyeyuki, kwa jinsi manyoya yake ya baridi yanavyokuwa mazito. Mara ya kwanza kuona hivyo nilitaka kumfunika blanketi. Mzee, yule mwenyeji wangu, akacheka mpaka akakaa chini. Blanketi kule ni la mtu. Kila mwanamume amejifunga lake shingoni kwa pini kubwa, gambuti mguuni, fimbo mkononi.

Huku Nairobi farasi nilimtunza kama mgeni wa hoteli. Kule farasi ni matatu, ni pikipiki, ni ambulensi. Anabeba mahindi kisiagini, anampeleka mama mjamzito kliniki, anarudi na sukari. Hakuna anayempapasa, lakini wote wanajua ana kilema gani. Walikuwa saba chini yangu, na kwa kuwa ukishakuwa mchungaji huchagui, nikakabidhiwa na mbuzi sitini na kitu wa Angora, wale wa singa ndefu zinazoitwa mohea.

Ulizeni, niko kwenye foleni ya stima hapa, nina muda.

Kijana_wa_Kayole:

Wee msee, foleni ya stima ni gani tena hiyo 😂 Swali langu: mimi farasi nimemwona kwa gwaride ya sikukuu tu, akipandwa na polisi. Mbona kijana wa kijiji Lesotho ana farasi na sisi wenye nyasi zote hizi hatuna? Wamasai wamechunga tangu zamani na hawana farasi.

Saisi_wa_Zamani:

Foleni ya tokeni, mtandao umekwama.

Swali zuri. Ni wadudu. Mbung'o upande mmoja, visubi upande mwingine. Farasi wa huku saa kumi na moja jioni tulikuwa tunawaingiza ndani, madirisha yana wavu, kwa sababu visubi huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Msimu wa mvua hakuna mzaha. Niachie daktari aeleze, najua yumo humu.

Daktari_wa_Ngombe:

Nimo. Anachosema ndicho. Kuna ugonjwa wa virusi, homa ya farasi ya Afrika, unaoenezwa na visubi hao. Farasi anaweza kuwa mzima asubuhi na kesho kutwa amekufa, povu jeupe linamtoka puani. Dalili ya kutazama: vile vishimo viwili juu ya macho vinavimba na kujaa. Tiba hakuna, ni chanjo kila mwaka na kuwakinga na visubi. Punda milia hubeba virusi hivyo bila kuugua, na mazizi ya Karen yako jirani na mbuga ya Nairobi, kwa hiyo jipimie mwenyewe. Punda wa kawaida naye hustahimili sana, ndiyo maana punda mnawaona kila soko na farasi hamuoni.

Milima ya Lesotho ina baridi inayoua visubi. Juu ya nyanda za Ethiopia ni vivyo hivyo kwa mbung'o: hawapandi kule, na Ethiopia ndiyo yenye farasi wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika.

Mtu_wa_Moyale:

Asante daktari kwa kututaja. Sisi Waborana na ndugu zetu Waoromo wa ng'ambo, farasi si mgeni. Mpiganaji aliitwa kwa jina la farasi wake, "Abba" fulani, yaani baba au mwenyewe wa farasi fulani. Hata wafalme wa Ethiopia walikuwa na majina hayo: Menelik alikuwa Abba Dagnew, Haile Selassie akawa Abba Tekel. Sasa niambieni nani Nairobi anaitwa kwa jina la Probox yake.

Kijana_wa_Kayole:

Abba Probox, kiti cha nyuma watu tano 😂😂

Mama_wa_Toggenburg:

Turudi kwa mbuzi jamani. Saisi, mimi nafuga mbuzi wa maziwa wanane, aina ya Toggenburg, hapa Kikuyu, wa kufungia ndani. Adui yangu ni minyoo. Huko milimani bila duka la dawa mlifanyaje?

Saisi_wa_Zamani:

Mama, kwanza pole, maana Toggenburg ni kama kumlea mtoto wa shule ya bweni. Kule baridi inawasaidia, minyoo haistawi theluji ikiwa chini. Shida huja miezi ya joto mvua zikinyesha. Na huko nilijifunza kitu ambacho hakihitaji duka: unamshika mbuzi, unavuta kope la chini la jicho, unatazama rangi kwa ndani. Jekundu, mwachie aende. La waridi lililopauka, mtie alama. Jeupe kama karatasi, huyo mnyoo anamnyonya damu na hana wiki. Unampa dawa mwenye shida peke yake, si kundi zima, maana ukiwapa wote kila mara minyoo inaizoea dawa.

Daktari_wa_Ngombe:

Njia hiyo ilitengenezwa Afrika Kusini, inaitwa FAMACHA, ina kadi ya rangi tano za kulinganisha na kope. Ni kwa yule mnyoo mnyonya damu wa tumboni, si kwa minyoo yote. Na Mama, dawa usimpimie mbuzi kwa kipimo cha kondoo. Mwili wa mbuzi huimaliza dawa haraka zaidi. Uliza kabla.

La pili, kwa yeyote anayeota kuweka farasi na mbuzi na kuku boma moja: vyakula vingi vya kuku na vingine vya ng'ombe huwekwa monensini. Kwa kuku ni dawa. Kwa farasi ni sumu ya moyo, kiasi kidogo kinatosha. Gunia la chakula cha kuku likiachwa wazi farasi akalifikia, usinipigie simu usiku, piga mapema.

Nyama_Kwanza:

Miezi 18 na mbuzi sitini na hujataja choma hata mara moja. Wewe kweli umetoka Kenya?

Saisi_wa_Zamani:

Ndugu yangu, mbuzi wa Angora huchinji ovyo, ni kama kuchoma kiti cha ofisi. Pesa iko mgongoni mwake na inamea upya. Asili yao ni Ankara, Uturuki. Inasimuliwa kwamba walipoletwa Afrika Kusini mwaka 1838 madume wote 12 walikuwa wameharibiwa wasizae, ili biashara isitoke Uturuki, lakini jike mmoja aliyekuwa nao alishika mimba kabla ya safari akazaa dume njiani. Leo Afrika Kusini ndiyo ya kwanza duniani kwa mohea, na Lesotho inaifuata.

Nyama nilikula, usijali, ila zaidi ilikuwa papa, yaani ugali wao mweupe, na moroho, ambayo ukifumba macho ni sukuma wiki ya mama yako. Kuni hakuna, miti hakuna. Unapikia samadi ya ng'ombe iliyokaushwa vipande. Haina harufu unayofikiria.

Kijana_wa_Kayole:

Kati ya farasi na mbuzi nani msumbufu? Niko na shamba kidogo Kitengela la mzee, nafikiria farasi mmoja wa watoto kupanda wikendi, watu walipe. Nipe ukweli.

Saisi_wa_Zamani:

Mbuzi anakusumbua mchana, farasi anakusumbua moyoni.

Mbuzi akiugua atakwambia. Analia, anasaga meno, anajitenga, anakataa kucheua. Anakula juu juu, vichaka na magome, kichwa hewani. Farasi ni mnyama wa kuwindwa, ameumbwa kuficha. Tumbo lake ni dogo na hawezi kutapika hata akila sumu, kwa hiyo kilichoingia vibaya lazima kipite kote. Anatakiwa kula kidogo kidogo mchana kutwa na usiku. Farasi wa kilo 350 anataka kilo sita au saba za nyasi kavu kwa siku, siku zote, hata zile wikendi watoto hawaji. Maji ndiyo usiseme.

Hapo kwa maji nikupe kisa. Julai, vijito vimeganda. Kila asubuhi tunavunja barafu kwa jiwe. Farasi akigusa maji ya barafu anakunywa mafunda mawili anaacha. Nyasi zenyewe kavu kama makuti. Siku ya tatu mmoja wao, wa kijivu, akaanza kutazama ubavu wake. Anautazama, anachimba ardhi kwa mguu, analala, anainuka. Msokoto wa tumbo. Karen ningepiga simu, daktari angefika na mpira wa kupitisha puani na mafuta ya kulainisha. Kule daktari wa karibu ni siku moja kwa farasi, na farasi mwenyewe ndiye mgonjwa!

Nililaza sikio ubavuni. Farasi mzima tumbo lake hunguruma kama posho mill ya mbali. Kimya ndicho cha kuogopa. Upande wa kushoto kulikuwa na kimya. Tukamtembeza polepole kwa zamu, tukipumzika, tukampashia maji kidogo tukatia chumvi, akanywa nusu ndoo. Saa kumi na moja alfajiri akanya. Wadau, sijawahi kufurahia mavi namna ile. Mzee akayawashia tochi tukayachungulia wote watatu kama watu wanaotazama mtoto mchanga.

Tangu hapo chumvi ilikuwa haikosi, na maji yalipashwa hata kama samadi ya kupikia ilipungua.

Dada_wa_Rongai:

Nimesoma yote. Unaandika vizuri kaka, lakini unasimulia uliookoa tu. Kwetu tunasema aliyechunga amezika. Ulipoteza wangapi?

Saisi_wa_Zamani:

Dada, nilikuwa natumaini hakuna atakayeuliza.

Kumi na wanne. Siku moja.

Ilikuwa Oktoba. Mbuzi hao hunyolewa mara mbili kwa mwaka, na walikuwa na siku tano tu tangu mkasi. Mbuzi aliyenyolewa anatia huruma: ngozi inaonekana, shingo nyembamba, mafuta chini ya ngozi karibu hana. Zile singa ndizo zilikuwa nyumba yake.

Nilikuwa nachunga na mvulana wa miaka kama 13, mtu wa ukoo wa mwenyeji wetu. Asubuhi ile anga lilikuwa jeupe, hakuna wingu. Akaniambia, "Ntate, leo tusipande." Ntate ni baba, ndivyo wanavyomwita mwanamume wa heshima. Nikamuuliza kwa nini. Akaonyesha farasi kwa fimbo. Walikuwa wamesogeleana kwenye korongo, wote saba wamegeuzia kusini makalio, na upepo haujaanza.

Niliwaona. Hilo ndilo linaloniuma, niliwaona kabla hajaonyesha. Lakini mimi saisi wa miaka tisa nisomeshwe farasi na mtoto? Nikamwambia wanapumzika tu, mbuzi wana njaa, majani mapya yako juu. Tukapanda.

Saa nane hivi mlima wa kusini ukatoweka. Sikuona wingu likija, niliona mlima haupo. Mvua ikaja ya kulala, na upepo, halafu ndani ya mvua vipande vya barafu. Mbuzi hakimbii baridi. Anasimama, anakunja mgongo, anatetemeka, kisha anaacha kutetemeka, na hapo ndipo ujue umechelewa. Waliobaki na nguvu wakajirundika kwenye mwamba kutafuta joto, mmoja juu ya mwingine. Nikawa navuta wa juu niwafikie wa chini, wa chini wamekosa hewa.

Mvulana alivua blanketi lake akafunika vitoto vitatu, akashuka mbio kijijini na fulana. Alirudi na mzee na farasi wanne. Tukawalaza mbuzi juu ya matandiko kama magunia, wawili wawili. Yule wa kijivu aliyeniweka macho Julai alipanda na kushuka mara tatu kwenye matope yale bila kuteleza. Nyumba ya mzee ikajaa mbuzi, moshi, akina mama wanawasugua kwa magunia na kuwapa maji moto yenye sukari.

Mzee hakunigombeza. Asubuhi tulichuna ngozi kimya. Jioni akatuita, akamwambia mvulana: kuanzia leo wewe ndiye unayesema mbuzi wanaenda wapi. Akanigeukia mimi: na wewe unamfuata. Basi. Mshahara wangu ulikatwa nusu kwa miezi minne, mimi mwenyewe ndiye niliyeomba iwe hivyo.

Mama_wa_Toggenburg:

Pole sana baba. Nimeenda kuwaangalia wangu usiku huu huu.

Mzee_wa_Ilbisil:

Vijana, nasoma tu huwa siandiki. Huyo mtoto alikuwa anahesabu mbuzi jioni?

Saisi_wa_Zamani:

Shikamoo mzee. Hapana, hakuhesabu hata siku moja. Mimi nilisimama mlangoni mwa zizi na vidole, 58, 59, nakosea naanza tena. Yeye anakaa juu ya ukuta wa mawe anapuliza lesiba, ile fimbo yao yenye uzi na unyoya wa ndege, sauti yake kama bata anayeota ndoto. Kundi likiisha kuingia anasema, "Yule wa sikio lililochanika hayupo, na dada yake." Kweli hawapo.

Mzee_wa_Ilbisil:

Marahaba. Nilijua. Hata sisi hatuhesabu, si vizuri kuhesabu mifugo. Unawajua kwa rangi na kwa mama zao, asiyekuwepo anaacha pengo. Wewe ulikuwa unatazama idadi. Mtoto alikuwa anatazama mbuzi.

Dada_wa_Rongai:

Na shule je? Miaka 13 mlimani na blanketi.

Saisi_wa_Zamani:

Ulilosema ni kweli, na ni donda la nchi nzima ile, wavulana wengi wachungaji huikosa shule na hulipwa kwa mifugo. Huyu alikuwa akisoma jioni kwa mwalimu mmoja kijijini, siku mbili kwa wiki, mshumaa. Alikuwa anajua kuandika jina lake na namba. Kiingereza alinizidi kwa matusi tu.

Mtandao wa simu kule uko kwenye kilele kimoja, saa nzima kupanda. Oktoba iliyopita alinitumia picha bila maneno: mbuzi wamenyolewa, wako chini ya mabati, mvua nyuma yao. Mabati hayo hayakuwepo nilipokuwa mimi.

Kijana_wa_Kayole:

Boss nimesoma hadi hapa nimeacha chai ikapoa. Lakini bado nataka farasi.

Saisi_wa_Zamani:

Basi usinunue kwanza. Jumamosi hii nasaidia rafiki kukagua kwato za farasi watano upande wa Karen, tunaanza saa kumi na mbili asubuhi. Nikutumie ramani kwa siri. Njoo na gambuti, na ukija na vile viatu vyako vyeupe utajua hujui.

Kijana_wa_Kayole:

Saa kumi na mbili ASUBUHI??